Malta au Baleari: mjusi yupi wa kumfungia safari?

Ukimwambia mtu wa nyumbani kwamba umekata tiketi ya ndege kwenda kutazama mjusi, atakuuliza kama taa za barazani kwenu zimekosa mijusi. Swali la haki. Lakini mjusi kafiri, yule anayevizia nondo ukutani usiku, si ndugu wa karibu wa mijusi ninaowazungumzia hapa. Mjusi kafiri hana kope za kufumba, husafisha jicho kwa ulimi, na vidole vyake hushika hata kioo. Hawa wa Mediterania, wa jenasi ya Podarcis, wana kope, wana kucha za kawaida, na ni wa mchana kweli kweli: jua likifunikwa na wingu kwa muda, nao hupotelea mianyani.

Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 20, na kadhaa kati yake ni za visiwani tu. Bahari ikilitenga kundi la mijusi kwa maelfu ya miaka mahali pasipo na nyoka wala paka, kundi hilo hubadilika rangi, ukubwa, chakula, hata woga. Ndiyo maana anayetaka kuwaona hujikuta na swali la kweli la kuchagua. Visiwa ni vingi, likizo ni fupi. Hapa nawaweka bega kwa bega wawili ninaoona wanastahili nauli: mjusi wa Malta, Podarcis filfolensis, na mjusi wa Lilford wa visiwa vya Baleari vya Uhispania, Podarcis lilfordi. Wa tatu, wa Ibiza na Formentera, nazo pia za Baleari, nitamgusa kwa sababu habari zake haziruhusu kungoja.

Hukumu yangu siifichi. Kama una safari moja tu, nenda Baleari. Malta ni ya mtu asiye na muda, au anayekwenda huko kwa shughuli nyingine na angependa kupata mjusi juu yake. Wapo watakaobisha, hasa waliokwisha kumwona dume wa Gozo, kisiwa jirani cha Malta, mwezi wa Aprili, na sitagombana nao.

Ni akina nani

Mjusi wa Malta alielezwa kisayansi mwaka 1876 na Jacques von Bedriaga, kutokana na mijusi wa Filfla, mwamba ulio kilomita kama 5 kusini mwa kisiwa kikuu. Wamalta humwita gremxula. Yuko Malta, Gozo, Comino na vijisiwa vinavyovizunguka, kisha anajitokeza tena upande wa Italia, kwenye Linosa na Lampione. Zaidi ya hapo hayupo duniani. Kiwiliwili chake pamoja na kichwa ni kama sentimita 6 au 7, na mkia unauzidi mwili kwa urefu. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, halimhesabu kati ya walio hatarini, maana kwenye kisiwa kikuu bado yuko karibu kila penye mawe na jua.

Mjusi wa Lilford alipewa jina mwaka 1874 na Albert Günther wa British Museum, kwa heshima ya Lord Lilford, bwana wa Uingereza ambaye kazi yake hasa ilikuwa ndege. Wenyeji humwita sargantana. Ana mwili wa kushiba kidogo kuliko mwenzake wa Malta, na wakubwa wao hufika sentimita 8 bila mkia. Zamani alitamalaki Mallorca na Menorca zenyewe; mifupa yake imefukuliwa huko. Wanadamu walipohamia wakaja na paka, vicheche, panya na nyoka, na mjusi ambaye hakuwahi kujifunza kuwakimbia akaisha kwenye visiwa vyote viwili vikubwa. Amesalia kwenye vijisiwa vya pembezoni na kwenye funguvisiwa la Cabrera. IUCN imemweka katika kundi la walio hatarini. Wataalamu wamegawa mabaki hayo katika nususpishi zaidi ya 20, karibu kila jabali na lake, na kuna wanaoona mgawanyo huo umepita kiasi.

Hapo ndipo msafiri anapoingia mkenge. Anashuka Menorca, anaona mjusi kwenye ukuta wa mawe nje ya hoteli, anapiga picha kumi na kuziweka mtandaoni kwa furaha. Huyo siye. Mijusi wa mchana wanaoonekana Menorca yenyewe ni wa spishi mbili zilizoletwa na watu, mmoja asili yake Italia na mwingine Afrika Kaskazini. Mallorca nako utaona zaidi ndugu wa mjusi kafiri, na ndani ya Palma kuna mijusi waliotoka Ibiza. Wa Lilford ni lazima upande boti.

Nani rahisi kumpata

Hapa Malta inashinda bila ubishi. Nchi yote ina ukubwa wa kilomita za mraba 316, mabasi yanafika karibu kila kona, na mashamba yamezungushiwa kuta za mawe zilizopangwa bila saruji. Kwa mjusi hizo kuta ni nyumba, ghala na kituo cha kuotea jua. Mahali ninapopapenda kupendekeza ni eneo la mahekalu ya kale ya Ħaġar Qim na Mnajdra, kwenye mteremko wa kusini. Ukisimama pale unaiona Filfla baharini mbele yako, yaani mwamba uliompa mjusi huyu jina uko upande mmoja na jamaa zake wa kisiwa kikuu wako miguuni mwako.

Njoo mapema, jua likiwa limepanda kidogo tu. Kwanza hutoka kichwa. Hukaa hivyo dakika moja mbili, ulimi ukitoka na kuingia, akinusa hewa. Halafu mwili wote unamiminika nje ya ufa na kulala juu ya jiwe, mbavu zikitanuliwa hadi mgongo unakuwa bapa kama sarafu, ili jua limpate kwa upana. Jiwe likishapata moto, huinua vidole vya miguu, upande huu kisha ule. Madume wa majira ya machipuko wana kijani mgongoni kilichochorwa wavu mweusi, na koo na tumbo huingia manjano au rangi ya chungwa. Majike ni wa hudhurungi, wenye mistari, na ukiwa na haraka utawapita.

Ila mjusi wa Malta kisiwa kikuu ni mwoga, na ana sababu. Malta ina nyoka wa aina nne, ina paka wasio na idadi, ina ndege wawindaji na watoto wenye mawe. Ukimkaribia hatua mbili tatu, ameshazama ukutani. Dawa yake ni kukaa kitako na kutulia. Baada ya muda mfupi hurudi palepale, maana kila dume ana jiwe lake. Darubini inayoona karibu itakufaa kuliko kamera yenye lenzi kubwa.

Jihadhari pia kumfananisha. Malta ina guruguru mdogo mwenye madoa kama macho, ngozi laini ya kung'aa na miguu mifupi. Huyo huteleza chini ya majani, hapandi kuta kwa fujo. Kuna mijusi wa usiku wa aina mbili wanaofanana na mjusi kafiri wetu. Na kuna kinyonga, mgeni aliyeletwa karne ya 19, ambaye sasa amekuwa mwenyeji kabisa.

Baleari ni kazi zaidi. Kwa watu wengi njia nyepesi ni Dragonera, kisiwa kirefu chembamba chenye urefu wa kilomita kama 4, magharibi mwa Mallorca. Unachukua basi au gari hadi kijiji cha Sant Elm, kisha boti, mwendo usiofika nusu saa. Kisiwa hicho nusura kijengwe mahoteli na majumba ya kifahari. Mwaka 1977 kundi la vijana lilikwenda kukikalia kupinga mradi huo, mwaka 1987 baraza la Mallorca likakinunua, na mwaka 1995 kikatangazwa hifadhi. Hakuna duka, hakuna hoteli. Kuna njia za kutembea, minara ya taa, na mijusi.

Mijusi utawaona kabla hujaweka begi chini. Pale gatini Cala Lladó wanazunguka miguu ya abiria kama paka wa mkahawani. Ukikaa kwenye jiwe, mmoja atapanda kiatu, mwingine ataingia kwenye begi ulilosahau kufunga zipu. Walinzi wamekataza kuwalisha, na sheria hiyo ina maana: mijusi wakizoea makombo hukusanyika gatini, hupigana, na wakubwa huwala wadogo. Ndiyo, mjusi wa Lilford hula watoto wa wenzake akipata nafasi. Mahali penye mijusi wengi na chakula kidogo, mtoto ni nyama tu.

Upole huo ndio unaolipiwa nauli

Kuna wanaodhani mjusi asiyekimbia ni burudani ya watoto. Mimi naona ndiyo sababu kubwa ya kumchagua. Mjusi mwoga utamwona akiota jua na akikimbia, basi. Mjusi asiye na woga utamwona akiishi: akinusa ua, akigombania jike, akichimba mchanga kutaga, akimfukuza jirani aliyevuka mpaka. Yale ambayo kwa wa Malta utayasoma kwenye makala, kwa wa Lilford unayaona kwa macho.

Na ana mengi ya kuonyesha, kuanzia chakula. Mijusi wengi wadogo hula wadudu: sisimizi, mbawakawa, buibui, panzi. Kwenye vijisiwa vikavu vya Baleari wadudu hawatoshi, hasa kiangazi, kwa hiyo sargantana amegeukia mimea. Hula matunda, hula petali, hulamba nekta. Huko Cabrera watafiti wameonyesha kwamba anachavusha maua ya mnyaa wa porini, mmea wenye utomvu mweupe, sawa na nyuki wanavyofanya.

Kisa kizuri kuliko vyote kiko Illa de l'Aire, kisiwa cha chini na tambarare chenye mnara wa taa, kusini-mashariki mwa Menorca, mbele ya ufuo wa Punta Prima. Mijusi wa hapo ni weusi, na wamesongamana kwa kiasi ambacho ni shida kukikuta kwingine. Humo huota mmea mmoja wa jamii ya magimbi ambao ua lake ni la kutisha: bamba pana la rangi ya nyama iliyovilia damu, lenye nywele, linalonuka mzoga. Hunuka hivyo kwa makusudi. Nzi wa mizoga huja wakitafuta pa kutagia, hushuka ndani ya ua, hunaswa humo hadi kesho yake, kisha hutoka wamepakwa chavua na kwenda kudanganywa na ua jingine. Juu ya hayo, ua lenyewe hutoa joto.

Sasa mjusi. Anapanda juu ya lile bamba, mahali palipo na joto na palipo na nzi wanaokuja wenyewe, anakaa mlangoni na kuwadaka. Kwa mmea hiyo ni hasara, maana wanaoliwa ndio wachavushaji wake. Lakini miezi inapita, ua linakuwa kikonyo cha matunda mekundu, na mjusi yuleyule hula matunda hayo na kwenda kunya mbegu huku na huko kisiwani. Mbegu iliyopita tumboni mwake huota vizuri kuliko iliyodondoka tu. Valentín Pérez-Mellado wa Chuo Kikuu cha Salamanca na wenzake walifuatilia jambo hili kwa miaka mingi, na wakaona tabia ya kula matunda ilivyoenea kati ya mijusi, na mmea nao ukaenea kisiwani mara nyingi zaidi ya ulivyokuwa. Ukifika Aire mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili, unaweza kuyaona yote kwa mkupuo mmoja: ua wazi, nzi wakizunguka, na mjusi mweusi amelala juu yake mdomo wazi. Harufu uvumilie.

Kuna upande wa pili wa sarafu hiyo. Menorca ina kichaka kimoja kidogo kisichopatikana kwingineko duniani, Daphne rodriguezii, ambacho mbegu zake zilisambazwa na mijusi. Kwenye kisiwa kikuu mijusi waliisha, na vichaka vinazeeka bila miche mipya ya kutosha. Kwenye Illa d'en Colom, kijisiwa cha jirani ambako mijusi wamesalia, miche inachipua. Anayetaka kuelewa kwa nini mjusi mdogo ana uzito katika nchi yake, asimame kwenye visiwa hivyo viwili siku moja baada ya nyingine.

Nikiwa bado kwenye chakula, nimtaje ndugu yao wa Kroatia japo simo katika kumlinganisha. Mwaka 1971 Eviatar Nevo na wenzake walihamisha mijusi 10 wa spishi iitwayo mjusi wa Italia, madume 5 na majike 5, kutoka kijisiwa cha Pod Kopište hadi Pod Mrčaru. Watafiti waliporudi miaka ya 2000 walikuta kizazi chao kina vichwa vikubwa, meno yanayouma kwa nguvu zaidi, na ndani ya utumbo vizuizi vya kuchelewesha majani yameng'enywe, kitu adimu katika ukoo huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mjusi wa awali wa Pod Mrčaru, wa spishi nyingine, alikuwa ameshatoweka. Kwa mtafiti ni dhahabu, lakini kwa msafiri wa kawaida ni jabali la mbali ambalo halina sababu ya kukupeleka.

Weusi wa Filfla, na kwa nini usiuahidi moyo wako

Watu wengi huvutwa na mjusi wa Malta kwa sababu ya picha moja: mjusi mweusi, mkubwa kuliko wa kisiwa kikuu, mwenye madoa ya buluu na kijani yaliyotawanyika mgongoni. Huyo ni wa Filfla, na hutamwona. Filfla ilitumiwa na majeshi ya Uingereza kama shabaha ya mizinga na mabomu hadi mwaka 1971, na mabaki yasiyolipuka bado yapo. Tangu 1988 ni hifadhi kwa sheria, na anayepanda juu ni mtafiti mwenye kibali. Ni vizuri hivyo: mwamba huo mdogo una kundi kubwa la ndege wadogo weusi wa baharini wanaoatamia kwenye nyufa na kutua usiku tu, na kishindo cha watalii kingewamaliza.

Fungus Rock ya Gozo, jabali la Dwejra ambalo zamani Mashujaa wa Malta, jumuiya ya kijeshi ya Kikristo iliyotawala visiwa hivyo, walililinda kwa ajili ya mmea wake wa dawa, nalo lina mijusi wa namna yake, na nalo halipandwi. Halafu kuna Selmunett, visiwa vya Mtakatifu Paulo kaskazini mwa Malta. Vilikuwa na mjusi wao. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 alitoweka kabisa, na kidole kinanyooshewa panya, walioneemeka kwa takataka za wageni. Ukimwuliza mtu anayejua mambo haya Malta, hicho ndicho kisa atakachokupa kwanza, na sauti yake itabadilika.

Kwa nini mijusi wa majabali huwa weusi? Wapo wanaosema rangi nyeusi humpa joto haraka mahali penye upepo, wapo wanaosema ni bahati ya kundi dogo lililozaana ndani kwa ndani bila adui wa kuwachuja. Hoja hazijafungwa. Linalomhusu msafiri ni kwamba weusi wa Filfla umefungiwa, na weusi wa Aire unafikika kwa boti ndogo au kayak. Hapo tena mizani inaelemea Baleari.

Linosa ni nafasi ya kati. Ni kisiwa cha volkano chenye watu wachache, boti hutoka Sicily, na mijusi wake ni spishi ileile ya Malta, wa rangi ya kahawia iliyokolea juu ya mawe meusi. Safari ni ndefu. Nampendekezea mtu aliyekwisha kuona Malta na bado ana kiu.

Wa Ibiza: kama utakwenda, usiahirishe

Mjusi wa Ibiza na Formentera, Podarcis pityusensis, aliyeelezwa na Eduardo Boscá mwaka 1883, ndiye jamaa wa karibu wa mjusi wa Lilford. Njia zao ziliachana miaka milioni 5 na ushei iliyopita, Mediterania iliyokuwa imekauka ilipojaa maji tena na kuvitenga visiwa. Kwa uzuri wa rangi anawashinda wote wawili: kijani cha mgongoni, buluu ubavuni, na kwenye vijisiwa vingine karibu mwili mzima ni buluu. Formentera imemfanya nembo. Yuko kwenye fulana, vikombe, hadi hereni.

Lakini Ibiza haikuwa na nyoka kwa asili. Tangu mwaka 2003 hivi nyoka wakaanza kuonekana, wamefichwa ndani ya mashina ya mizeituni ya kale iliyoletwa kutoka Uhispania bara kupamba bustani za majumba. Mmoja wao, nyoka mwepesi mwenye alama za kwato za farasi mgongoni, amesambaa sehemu kubwa ya kisiwa, na mjusi ndiye chakula chake kikuu. Mahali alipokaa miaka michache, mijusi hawaonekani tena. Nyoka huyo huogelea, na ameonekana akivuka kwenda vijisiwa. Serikali na wananchi hutega mitego na kukamata maelfu kila mwaka, na bado.

Kwa hiyo ukichagua spishi hii, nenda Formentera kwa feri, kama nusu saa kutoka Ibiza, uwatafute kwenye matuta ya mchanga na kuta za njia za ufukweni. Mijusi wa huko ni wapole karibu sawa na wa Dragonera. Nisingemweka wa kwanza kwa mtu mwenye safari moja, kwa kuwa kisa cha mimea na mjusi ni kitamu zaidi Menorca. Lakini kati ya watatu hawa, ndiye ambaye miaka kumi ijayo anaweza kuwa mgumu kupatikana kwake mwenyewe.

Lini, na kwa viza gani

Kwa wote, Aprili hadi Juni mapema. Madume wana rangi, mayai yanatagwa, maua yapo. Mijusi hawa wa visiwani hutaga machache, mara nyingi mawili au matatu kwa mkupuo, kwa hiyo ukiona kijike anachimba, mpishe. Julai na Agosti hutoka asubuhi na jioni tu, mchana wanakimbia joto chini ya mawe, na bei za vyumba zinakimbilia juu. Malta ina faida moja ya ziada: siku ya jua ya Desemba au Januari bado unaweza kumwona mmoja mmoja ukutani, wakati boti za Dragonera zimepungua au zimesimama.

Malta na Uhispania zote ni nchi za Schengen, viza moja inatosha kwa msafiri kutoka Nairobi au Dar es Salaam, na mwenye siku za kutosha anaweza kuziunganisha. Mtu anayeishi Uingereza kwa hati ya kusafiria ya Afrika Mashariki asisahau kwamba kibali chake cha Uingereza hakimfikishi huko.

Swali la kuwafuga huulizwa, kwa hiyo nijibu: hapana. Mjusi wa Lilford na wa Ibiza wako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea pori, wa Malta analindwa na sheria, na kumchukua hata mmoja kutoka kwenye jabali lenye kundi dogo ni wizi wenye madhara. Usimshike pia kwa ajili ya picha. Akikatika mkia, amepoteza akiba ya mafuta aliyojiwekea, na atatumia miezi kuukuza mwingine mfupi usio na mfupa wa kweli ndani.

Mwenye siku mbili mikononi, au mwenye watoto wachanga na mkwe mzee, achukue Malta: Ħaġar Qim asubuhi, Gozo kesho yake. Mwenye siku nne au tano aende Mallorca na kupanda boti ya Dragonera siku ya kwanza hali ya bahari ikiruhusu, asiiweke mwisho, kwa sababu upepo ukivuma boti hazitoki na tiketi ya ndege haingoji. Mwenye wiki nzima mwanzoni mwa Aprili, na pua isiyochagua, ajipange Menorca, aulize Punta Prima nani anavusha watu kwenda Aire, na abebe maji ya kunywa, kofia na chakula ndani ya begi lenye zipu nzima.